Mwana wa Ibrahimu: Mgeni Anapobisha Hodi kwa Wayahudi

Mwezi wa Rajabu walikuja katika ofisi ya msikiti wetu wazee wawili kutoka mtaa wa pili. Walikuja kwa adabu, wakakaa, wakanywa maji, kisha wakataja haja yao. Binti wa familia yao anaposwa na kijana wa jamaa yetu, nao walitaka barua ya kamati kumthibitisha. Kijana huyo tunamjua vizuri. Ndiye anayefagia uwanja kabla ya Ijumaa, na katika Ramadhani ndiye anayesimamia futari ya wapita njia. Alisilimu miaka tisa iliyopita, mbele ya safu mbili za waumini baada ya Alasiri, na jina lake tuliliandika sisi wenyewe katika daftari la kamati.

Barua tuliiandika siku ile ile. Tulisema ni kijana mwenye swala na kazi, asiye na deni la mtu, na tukamalizia kwamba ni Mwislamu mpya mwenye tabia njema. Alipokuja kuichukua aliisoma amesimama, akairudisha mezani taratibu, akatuuliza: “Ndugu Katibu, upya huu utakwisha lini?”

Hatukuwa na jibu. Tulimwomba aiache barua mpaka kesho yake, na usiku ule fikra zetu zikatupeleka mbali, kwenye kilima kimoja nje ya mji wa Mbale, mashariki ya Uganda. Tulikuwa wanafunzi katika mji huo, penye Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa mwaka 1988, na kwa miaka yetu yote ya masomo tuliishi karibu na watu ambao swali la kijana yule ndilo limekuwa maisha yao kwa zaidi ya karne moja. Watu hao ni Wayahudi. Wanajiita Abayudaya, ambalo kwa Kiganda maana yake ni Wayahudi tu, bila nyongeza.

Wengi wetu humjua Myahudi kutoka mahali pawili. Mahali pa kwanza ni katika visa vya Bani Israili tulivyosomeshwa madrasa, na mahali pa pili ni katika habari za Palestina. Kisa cha kwanza ni cha zamani sana na cha pili kinaumiza mno, na baina ya hivyo viwili hatujui kitu. Hatujui kwa mfano kama mtu anaweza kuwa Myahudi asiyezaliwa Myahudi. Ukiuliza barazani utaambiwa haiwezekani, ile ni kabila. Au utaambiwa inawezekana, ile ni dini. Majibu yote mawili ni sahihi, na humo ndimo yanamotokea mambo tunayotaka kuyasimulia.

Kwa sheria yao waliyoirithi, Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi. Baba hahesabiwi katika jambo hili, ingawa katika ukoo wa ukuhani baba ndiye anayehesabiwa. Aliyezaliwa hivyo hubaki Myahudi hata akiacha swala, hata akikana kila kitu. Kwetu sisi jambo hili ni geni. Kwetu nasaba ni ya baba, na imani hairithiwi kama shamba, na anayeikana shahada ametoka. Kwao nasaba na imani vimesukwa pamoja kama ukili wa mkeka, na ukitaka kuvitenganisha mkeka wote unafumuka.

Hata hivyo mlango wa pili upo, wa kuingia kwa hiari, na umekuwapo tangu kale. Kitabu cha Ruthu, mwanamke wa Moabu aliyemfuata mama mkwe wake na kukataa kurudi kwao, kimo ndani ya maandiko yao, na kwa mujibu wa kitabu hicho Ruthu ndiye mama yake babu wa Daudi. Yaani ufalme wao mtukufu kuliko wote unatoka katika tumbo la mgeni. Upande wa Uarabuni, wasomaji wanaokumbuka tafsiri ya Suratul Buruji watakumbuka habari za mfalme Dhu Nuwas wa Yemen. Wafalme wa Himyari na watu wao wengi waliingia dini ya Kiyahudi zaidi ya miaka mia moja kabla ya kuzaliwa Mtume wetu (s.a.w.). Hivyo si kweli kwamba Uyahudi haukuwahi kupokea watu. Umepokea mataifa, na wakati mwingine kwa nguvu: watawala wa Kiyahudi wa karne ya pili kabla ya Nabii Isa (a.s.) waliwalazimisha Waedomi kutahiriwa, na katika uzao wa Waedomi hao akatoka mfalme Herode.

Lakini mlango huo hauko wazi kama wetu. Kwetu mtu huja baada ya swala, akatamka maneno mawili mbele ya mashahidi, na kabla ya majasho kukauka amekuwa ndugu. Kwao desturi ni kumzuia. Rabi akibishiwa hodi hutakiwa kumrudisha mtu, na mila imeshika kwamba arudishwe mara tatu, kwa kufuata namna Ruthu alivyoambiwa arudi kwao. Huulizwa kama hajui kwamba watu hawa wameteswa na kufukuzwa kila walikokwenda, sasa anataka nini kwao? Akisema anajua na bado anataka, ndipo huanza kufundishwa. Mafunzo huchukua mwaka, pengine miaka. Atajifunza kuitunza Sabato, yaani kutowasha moto wala kufanya kazi tangu jua la Ijumaa linapotua hadi usiku wa Jumamosi. Atajifunza vyakula vilivyo halali na vilivyo haramu, sala za Kiebrania, na sikukuu zinazofuata mwezi. Mwisho husimama mbele ya baraza la watu watatu wanaomhoji. Mwanamume hutahiriwa, na kama alikwisha kutahiriwa hutolewa tone moja la damu kwa alama. Kisha huzama mwili mzima katika birika la maji, akainuka, na yamekwisha.

Hapo hupewa jina. Tukasimame kidogo kwenye jina hili, maana ndilo lililotufanya tuandike. Myahudi huitwa katika sala zao kwa jina lake na la baba yake. Mwongofu hana baba Myahudi. Basi huitwa mwana wa Ibrahimu, na mwanamke huitwa binti wa Sara. Baba yake mzazi yu hai pengine, na mwongofu anatakiwa kumheshimu, lakini mbele ya Taurati hatajwi. Sisi tumefundishwa kinyume chake. Zaid bin Haritha (r.a.) alikuwa akiitwa Zaid bin Muhammad, na utukufu gani unazidi huo? Mpaka ikashuka amri katika Suratul Ahzabu kwamba watu waitwe kwa baba zao, akarejeshewa jina la Haritha. Uislamu haukumwomba Zaid amkane baba yake wa nasaba. Kijana wetu naye katika daftari letu ameandikwa jina lake la Kiislamu, na nyuma yake jina la baba yake, ambaye ni mzee wa kanisa hadi leo.

Kila utaratibu una wema wake na ugumu wake. Kumwambia mgeni kwamba babu yake ni Ibrahimu ni kumpa ukoo mzima kwa siku moja. Ila jina hilo hilo kila likiitwa humkumbusha msikilizaji kwamba mtu huyu hakuzaliwa humu, kwani anayeitwa mwana wa Ibrahimu kila mtu anajua kwa nini anaitwa hivyo.

Wanazuoni wao waliliona tatizo hilo mapema. Neno la Kiebrania la mwongofu ni “geri”, na asili yake ni mgeni anayekaa kwa watu. Lina undugu na neno la Kiarabu “jar”, ambalo limetuletea sisi “jirani”. Walihesabu mahali 36 ambapo Taurati inaonya juu ya kumdhulumu geri, na wengine wakafikisha 46. Katika Mishna, mkusanyo wa sheria zao uliokamilika karibu mwaka 200, imo amri kwamba mtoto wa mwongofu asiambiwe akumbuke matendo ya baba zake. Mtu hakatazi jambo lisilotendeka. Katika Talmudi imo pia kauli kali ya mwanachuoni mmoja kwamba waongofu ni wagumu kwa Israeli kama ugonjwa wa ngozi. Karne nyingi baadaye, huko Ulaya, mwanachuoni aliyekuwa mwenyewe ameingia Uyahudi aliipindua kauli ile kwa tafsiri ya kupendeza: kwamba waongofu ni wagumu kwa sababu huishika sheria kwa makini mno, hata wakawaaibisha waliozaliwa nayo. Tulipoisoma tafsiri hiyo tuliwaza nani anafagia uwanja wetu.

Barua maarufu zaidi katika jambo hili iliandikwa na Musa bin Maimun. Wasomaji wetu wasimwone mgeni. Alizaliwa Kurtuba ya Andalusia, akaishi Fustat ya Misri, akawa tabibu wa kasri zama za Salahuddin Ayyubi, na vitabu vyake vya tiba na falsafa aliviandika kwa Kiarabu. Alifariki mwaka 1204. Mwongofu mmoja aliyeitwa Obadia alimwandikia swali lenye uchungu. Katika sala za Kiyahudi Mungu hutajwa kuwa Mungu wa baba zetu. Yeye Obadia, ambaye baba zake hawakuwa Waisraeli, anaweza kutamka maneno hayo bila kusema uongo? Kauli kongwe ya kumkataza ilikuwapo. Musa bin Maimun akamjibu ayaseme yote kama yalivyo, asibadili hata neno, kwa sababu Ibrahimu ndiye aliyewafundisha watu kumjua Mungu mmoja na kila aingiaye katika njia hiyo ni mwanawe. Tena alimwambia asijione duni kwa nasaba: wengine wanajinasibisha na mababu, yeye anajinasibisha na Yule aliyeumba ulimwengu.

Katika kuandikiana huko limo jambo jingine linalotuhusu sisi moja kwa moja. Obadia alikuwa amebishana na mwalimu wake. Mwalimu alidai kwamba Waislamu ni waabudu sanamu, na Obadia alipokataa, mwalimu akamtukana na kumwita mpumbavu. Musa bin Maimun alimpa haki Obadia. Waislamu, alisema, wanampwekesha Mungu kwa tauhidi isiyo na dosari. Na kuhusu mwalimu aliyemtukana mwongofu, alisema anastahili kufunga na kutubu, kwani aliyemwaibisha ni mtu aliyeacha baba na mama na kabila lake na ufalme wao, akaja kuungana na watu wanyonge.

Sasa turudi Mbale.

Mwanzilishi wa Abayudaya ni Semei Kakungulu. (Tusimchanganye na Mwanamfalme Badru Kakungulu, aliyekuwa kiongozi wa Waislamu wa Uganda. Ni watu wawili mbali kabisa.) Semei alikuwa jemadari wa Buganda aliyeingia Uprotestanti, na mwanzoni mwa karne ya 20 aliwatekea Waingereza nchi zote za mashariki hadi miguuni mwa Mlima Elgon. Alitarajia watamfanya mfalme wa nchi alizoteka. Wakampa cheo cha kawaida, kisha wakampunguzia eneo mwaka hadi mwaka. Mtu mwenye uchungu husoma kwa macho mengine. Kwanza aliingia kundi la Wamalaki, Wakristo waliokataa dawa za hospitali na kuiadhimisha Jumamosi. Katika kusoma Biblia ya Kiganda akafika kwenye amri ya tohara, akasema kama ni amri basi itekelezwe. Wenzake wakamwambia tohara ni ya Wayahudi. Akajibu kwamba ikiwa ndivyo, yeye ni Myahudi, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Mtu asiyewahi kumwona Myahudi akaingia Uyahudi bila rabi, bila baraza la watu watatu, bila kukataliwa mara tatu kwa kuwa hakukuwa na wa kumkataa.

Hapa pana kichekesho cha historia. Miaka 16 kabla yake, mwaka 1903, serikali ya Uingereza ilikuwa imewapa Wayahudi wa Ulaya ahadi ya ardhi katika nyanda za Uasin Gishu, ambazo leo zimo Kenya, na mpango huo ukaitwa wa Uganda. Wayahudi wale waliukataa mwaka 1905. Uganda haikupata Wayahudi wa kuletwa, ikapata wa kujianzishia wenyewe.

Mwaka 1920 alipita Mbale mfanyabiashara Myahudi aitwaye Yosefu, akakaa nao miezi kadhaa, akawafundisha kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja. Mwaka 1922 Kakungulu alichapisha kwa Kiganda kitabu cha kanuni na sala kwa ajili ya watu wake. Alifariki mwaka 1928, na baada yake jamii ikapungua, lakini haikwisha.

Kisha akaja Idi Amin. Hapa ni lazima tuwe wakweli, kwa kuwa mtawala yule alikuwa Mwislamu na jina la dini yetu lilitumiwa katika enzi yake. Aliipiga marufuku dini ya Kiyahudi. Masinagogi yao yalivunjwa au kutwaliwa, na wengi wao wakaingia Ukristo au Uislamu kwa kuokoa maisha. Sisi tunaosema kwamba hakuna kulazimishana katika dini tunajua tuiite nini silimu ya namna hiyo. Walibaki mia chache tu, wakisali kwa siri. Majeshi ya Tanzania na ya wakombozi wa Uganda yaliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na kwa kalenda ya Kiyahudi jioni ya siku ile ile ndipo ilipoanza Pasaka, sikukuu yao ya kukumbuka walivyotolewa kwa Firauni. Wazee wa Nabugoye hawakuhitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Tulikipanda kilima cha Nabugoye mara moja, Ijumaa moja alasiri, baada ya kuswali Jumua mjini. Tulikwenda wanne kwa bodaboda mbili, tukiwa na kofia zetu, na kusema kweli tulikuwa na wasiwasi. Mwenye kutupokea aliziona kofia, akagusa yake, akacheka. Tulikuta migomba na kahawa kila upande, watoto wakichota maji, na akina mama wamevaa gomesi wakiharakisha kupika kabla jua halijatua, kwa kuwa likitua hakuna kuwasha moto. Waganda wale walituimbia zaburi kwa Kiganda na kwa Kiebrania kwa sauti tuliyoizoea katika nyimbo za nchi ile. Tulipouliza nani anawachinjia, walisema wanachinja wenyewe kwa jina la Mwenyezi Mungu, na mwenzetu mmoja wa fiqhi akaanza pale pale kutukumbusha hukumu ya nyama ya watu wa Kitabu, mpaka tukamwomba anyamaze kwanza.

Mwenyeji wetu alitueleza pia juu ya Mirembe Kawomera, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 2004. Jina hilo maana yake ni amani tamu. Mwanzilishi ni J.J. Keki, Myahudi wa pale, ambaye tarehe 11 Septemba 2001 alikuwa New York na kuyaona kwa macho yake maangamizi ya minara miwili. Aliporudi alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaomba jirani zake Waislamu na Wakristo wauze kahawa pamoja nao. Wapo Waislamu wa Mbale waliosomesha watoto kwa bei ya kahawa ile. Shule za Wayahudi hao, ya msingi na ya sekondari, nazo zina watoto wa dini zote tatu.

Lakini swali tulilotaka kuwauliza lilikuwa jingine, nao walilijibu kabla hatujauliza. Kwa miaka zaidi ya 80 walikuwa wameshika Sabato, wametahiri watoto siku ya nane, wameacha nguruwe, wamevumilia Amin. Kisha dunia ya Kiyahudi ikawajia na kuwaambia: ninyi bado. Mwezi wa Februari 2002 marabi kutoka Marekani na Israeli, wa madhehebu ya Kikonsavativu, walifika Nabugoye, wakaunda baraza, wakawahoji watu na kuwazamisha majini takriban 400. Wanaume waliotahiriwa utotoni walitolewa tone la damu. Wapo wazee waliosema hapana. Tuingie wapi, walisema, na sisi tumo ndani tangu babu zetu? Wengine walikubali wakiliita jambo hilo uthibitisho, si kuongoka. Na wengine, hasa wa kijiji cha Putti, waliukataa uongofu ule kwa sababu tofauti kabisa: walitaka wa Kiothodoksi, ulio mgumu zaidi, ili asiwepo Myahudi yeyote duniani wa kuutilia shaka.

Tulimwona mzee mmoja akisimulia hayo bila ghadhabu yoyote. Alikuwa amezamishwa. Alisema maji yalikuwa ya baridi.

Kiongozi wao, Gershom Sizomu, alikwenda kusoma urabi Los Angeles, akahitimu mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini kwa kura ambazo kwa vyovyote vile nyingi zilikuwa za Wakristo na Waislamu, maana Wayahudi wa jimbo lile hawatoshi kumpeleka mtu bungeni. Uganda ilimkubali. Israeli ilikuwa habari nyingine. Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi ile iliwakatalia watu wa jamii hii waliotaka kuhamia kama Wayahudi, ingawa nchi hiyo imejengwa juu ya sheria ya mwaka 1950 inayompa kila Myahudi haki ya kuhamia.

Juu ya sheria hiyo Mwislamu hawezi kuandika bila kusema kwamba Mpalestina aliyezaliwa Yafa na kufukuzwa mwaka 1948 hakupewa haki ya kurudi, wakati mtu asiyewahi kuiona Yafa anapewa. Dhuluma hiyo gazeti hili limeiandika na litaendelea kuiandika. Hapa tunaitazama kutoka upande wake mwingine, maana serikali iliyoahidi kumpokea kila Myahudi ilijikuta inalazimika kuamua Myahudi ni nani, na imeshindwa kuelewana juu ya jibu.

Mwaka 1962 mahakama yao kuu ilimsikiliza Oswald Rufeisen, Myahudi wa Poland aliyewaokoa Wayahudi wengi mikononi mwa Wanazi, kisha akaingia Ukatoliki na kuwa mtawa kwa jina la Danieli. Aliomba uraia kama Myahudi, akisema dini yake ni Mkatoliki na taifa lake ni Myahudi, na kwa sheria ya marabi alikuwa na hoja, kwani mama yake alikuwa Myahudi. Mahakama ilimkatalia. Mwaka 1970 bunge likaandika kwamba Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeongoka, naye asiwe wa dini nyingine, lakini haki ya kuhamia likaipeleka hadi kwa mjukuu. Matokeo yake wapo raia wengi waliohamia kwa sababu ya babu, wanatumikia jeshini, wanazungumza Kiebrania, na marabi hawawahesabu kuwa Wayahudi. Nchini humo ndoa hufungwa na dini tu, Waislamu kwa makadhi wao na Wayahudi kwa marabi. Basi watu hawa wakitaka kuoana hupanda ndege kwenda Cyprus.

Wahabeshi wa Beta Israel, ambao Uyahudi wao ni wa karne nyingi, walitambuliwa na rabi mkuu Ovadia Yosef mwaka 1973, na mwaka 1991 watu zaidi ya 14,000 walisafirishwa kwa ndege kutoka Addis Ababa kwa muda wa siku moja na nusu. Hata hao, waliotangulia kufika katika miaka ya 1980, walitakiwa wazame majini na wanaume watolewe tone la damu, kwa tahadhari. Wakaandamana. Machi 2021 mahakama kuu ilitambua kwa ajili ya uraia waongofu wa Kikonsavativu na wa Kireforma walioongokea ndani ya Israeli, baada ya kesi iliyokaa mahakamani zaidi ya miaka 15. Mlango wa rabi hata hivyo si mlango wa mahakama. Aliyekubaliwa na mmoja bado anaweza kusimama nje ya mwingine na barua yake mkononi.

Tulipofika hapo katika fikra zetu usiku ule, tulitaka kujifariji kwamba kwetu hakuna hayo. Bilal ni wetu, Salman ni wetu, Suhaib ni wetu. Lakini ikatujia habari ya Mama wa Waumini Safiyya bint Huyayy (r.a.), binti wa mkuu wa Banu Nadhir, Myahudi aliyesilimu baada ya Khaybar na kuolewa na Mtume (s.a.w.). Katika nyumba ile, ambayo hakuna bora kuliko hiyo, mmoja wa wake wenzake alimwita binti Myahudi. Mtume (s.a.w.) alimkuta analia. Alimwambia kwamba yeye ni binti wa nabii, ami yake ni nabii, na yuko chini ya nabii, basi kwa lipi mwenzake anamfakhiria? Yaani Harun, Musa, na yeye mwenyewe, rehema na amani ziwashukie wote. Tena akamtaka yule aliyesema amche Mwenyezi Mungu. Hakumwambia Safiyya asahau alikotoka. Alikichukua kile kile alichotukaniwa, akamrudishia kikiwa taji. Na inapokewa kwamba Safiyya alipofariki miaka mingi baadaye, aliacha wasia wa sehemu ya mali yake kwa jamaa yake aliyebaki katika Uyahudi.

Asubuhi tuliichana barua. Tuliandika nyingine fupi zaidi: jina la kijana, jina la baba yake kama lilivyo, kazi yake, na kwamba ni mwanajamaa wa msikiti huu. Mwenyekiti aliisoma kabla ya kutia sahihi, akauliza mbona hatukutaja kwamba alisilimu, wazee wale si watataka kujua? Tukamwambia jina la baba yake litawatosha. Alitafakari, akatia sahihi.

Wazee walirudi katikati ya Shaabani. Walisema barua wameiona, na kijana hawana neno naye, ila mama wa binti anauliza siku ya nikaha upande wa bwana harusi atakaa nani, kwa kuwa ukoo wake wote ni wa kanisani. Tulimpelekea kijana swali hilo kama lilivyo. Alisema baba yake amekwisha kushona kanzu.